KUFUNDISHA HADITHI ZA MIUNGU WA RADI

Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya Darasa la Sita, tukamsikiliza mwanachuo akisimulia hadithi ya Thor, mungu wa radi wa watu wa kale wa Skandinavia. Alisimulia vizuri, na watoto walitulia. Kisha mtoto mmoja akanyosha mkono, akasema kwamba bibi yake naye husimulia habari za radi. Mwanachuo akamjibu kwamba hayo ya bibi ni ushirikina, akaendelea na somo lake. Mtoto akaketi, wala hakunyosha mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Mwanachuo yule hakuwa na nia mbaya. Kosa lake lilikuwa la njia: alipima hadithi mbili kwa mizani mbili. Ile ya mbali, kwa kuwa imechapwa kitabuni, aliiita fasihi; ile ya karibu, kwa kuwa haijachapwa, aliiita ujinga. Shabaha ya makala haya ni kumwonyesha mwanachuo namna ya kuzilinganisha hadithi hizi kwa mizani moja, bila kudharau na bila kudanganya.

1. Maarifa anayopaswa kuwa nayo mwalimu

Thor aliabudiwa katika nchi ambazo leo ni Norwe, Uswidi, Denmaki na Aisilandi, kabla watu wake hawajaingia katika Ukristo. Aisilandi iliupokea Ukristo yapata mwaka 1000. Habari nyingi za Thor tumezipata kwa Snorri Sturluson, mwandishi wa Aisilandi aliyeishi tangu 1179 hadi 1241, ambaye alitunga kitabu kiitwacho Edda yapata mwaka 1220. Mwalimu aziangalie vizuri tarehe hizo. Snorri mwenyewe alikuwa Mkristo, na aliandika miaka mia mbili hivi baada ya dini ya kale kuachwa. Kwa hiyo hata hadithi ya Thor ilipita kwanza midomoni mwa wazee kabla ya kufika kitabuni.

Thor ni mwana wa Odin, na mama yake ni Ardhi. Husafiri kwa gari linalokokotwa na mabeberu wawili, na silaha yake ni nyundo iitwayo Mjölnir, ambayo kila airushapo humrudia. Huwalinda miungu na wanadamu dhidi ya majitu na dhidi ya nyoka mkubwa wa baharini aliyeizunguka dunia. Siku ya mwisho atamwua nyoka huyo, lakini baada ya hatua tisa ataanguka naye, kwa sababu ya sumu.

Tusidhani kwamba alikuwa mungu wa vita tu. Adam wa Bremen, padri wa Ujerumani aliyeandika katika miaka ya 1070, anaeleza kwamba Waswidi walimhesabu Thor kuwa mtawala wa ngurumo na radi, pepo na mvua, hali njema ya hewa na mazao. Huyu, basi, alikuwa pia mungu wa wakulima. Jina lake limebaki katika lugha mpaka leo: Alhamisi kwa Kiswidi ni torsdag, yaani siku ya Thor, na ngurumo kwa Kidenmaki ni torden, yaani mvumo wa Thor.

2. Kwa nini hadithi hufanana?

Mtoto akisikia kwamba watu wengine nao wana mungu wa radi, atauliza: nani alimwiga nani? Swali ni zuri, na mwalimu asilijibu kwa haraka. Kuna sababu tatu ambazo anapaswa kuzitenganisha.

Sababu ya kwanza ni undugu. Walitwania walikuwa na Perkūnas, na Waslavi walikuwa na Perun, ambaye sanamu yake ilisimamishwa Kyiv mwaka 980 na kutupwa mtoni mwaka 988. Wahindi wa kale walimsifu Indra, aliyemwua nyoka Vritra na kuyafungulia maji yaliyozuiliwa. Lugha za watu hawa, pamoja na za Skandinavia, zimetoka katika shina moja la kale, na wataalamu wengi huamini kwamba baadhi ya visa vyao, kama kile cha mpiga radi na nyoka, navyo vimetoka huko. Ili kulieleza jambo hili darasani, mwalimu aandike ubaoni maneno manne: mvua kwa Kiswahili, mbura kwa Kikikuyu, imvura kwa Kinyarwanda, imvula kwa Kizulu. Watoto wataona wenyewe kwamba hakuna aliyemwiga mwenzake, bali wote wamerithi.

Sababu ya pili ni safari. Wayoruba wa Nijeria humheshimu Shango, mwenye radi, ambaye mapokeo husema alikuwa mfalme wa Oyo. Leo Shango anajulikana pia Kuba na Brazili. Hakufika huko kwa undugu wa lugha, bali alichukuliwa mioyoni mwa watu waliovushwa bahari ya Atlantiki wakiwa watumwa. Kufanana kwa namna hii kuna historia, na historia hiyo ina machungu.

Sababu ya tatu ni kwamba anga ni moja juu ya watu wote. Mfano ulio bora ni wa mashoka ya mawe. Wakulima wa Skandinavia, walipookota shambani mashoka yaliyochongwa na watu wa Zama za Mawe, waliamini kwamba yalishuka na radi, wakayahifadhi nyumbani ili radi isiwapige. Wayoruba nao waliyaita mashoka ya namna hiyo mawe ya radi, wakayaweka katika mahali patakatifu pa Shango. Hapana aliyemfundisha mwenzake. Pande zote mbili mkulima aliona jiwe lenye umbo la silaha, hakumjua aliyelichonga, akatafuta jibu katika jambo lenye nguvu kuliko yote aliyoyaona.

Kulinganisha ni kutafuta tofauti pia. Katika kitabu cha A. C. Hollis kilichochapwa mwaka 1905 imo simulizi ya Wamasai kuhusu Mungu mweusi, mwema, na Mungu mwekundu, mkali. Wapo waelezao kwamba ni Enkai mmoja mwenye sura mbili. Ngurumo kali ya karibu ni ya yule mwekundu atakaye kuwaua watu. Ile ya mbali ni ya mweusi akimzuia. Hapa hamna nyundo wala nyoka. Kwa Thor ngurumo ni vita dhidi ya adui wa watu. Katika simulizi hii ngurumo ni mabishano juu ya watu wenyewe.

3. Hatua za somo

Somo hili lafaa vipindi viwili vya Darasa la Sita au la Saba. Zana zinazohitajika ni ramani ya dunia, ubao na madaftari.

Hatua ya kwanza: kusimulia. Tunapendekeza kisa cha mabeberu. Thor alilala kwa mkulima, akawachinja mabeberu wake, wote wakala. Alionya kwamba mifupa isivunjwe. Thjalfi, mtoto wa mkulima, akapasua mfupa wa paja ili apate uboho. Asubuhi Thor aliziinulia ngozi nyundo yake, mabeberu wakafufuka, lakini mmoja akachechemea. Thjalfi akawa mtumishi wa Thor tangu siku ile. Watoto waliowahi kunyonya uboho hawahitaji kufafanuliwa kisa hiki.

Hatua ya pili: kukusanya. Kila mtoto awaulize wazee nyumbani husemwa nini kuhusu radi, ayaandike kama alivyosikia pamoja na jina la lugha. Kanuni ni moja: hapana kucheka. Yawezekana mtoto wa Kiislamu akaitaja Sura ya 13 ya Kurani, iitwayo Radi, na mtoto wa Kikristo akataja Zaburi. Mwalimu apokee kwa adabu, wala asiziite visasili imani wanazoishi nazo watu. Adabu hiyohiyo anawiwa bibi wa yule mtoto.

Hatua ya tatu: kulinganisha. Mwalimu achore jedwali lenye maswali matano: Ni nani mwenye radi? Hutumia chombo gani? Hupigana na nani? Huwapa watu nini? Nani alisimulia, na iliandikwa lini? Kila penye kufanana watoto wajadili: ni undugu, ni safari, au ni anga moja? Jibu la "hatuna ushahidi wa kutosha" lihesabiwe kuwa sahihi linapostahili.

Hatua ya nne: sayansi na usalama. Mtoto asitoke darasani akiijua nyundo ya Thor na huku hajui radi ni nini. Radi ni umeme unaopita ghafula katika hewa na kuipasha joto kufikia nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi. Hewa hutanuka kwa kishindo, nasi tukasikia ngurumo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu kati ya mwanga na ngurumo ni kama kilometa moja. Radi yaweza kupiga hata kilometa kumi kutoka kwenye mvua. Kwa hiyo anayeisikia ngurumo yumo hatarini tayari. Aondoke uwanjani na majini, asijikinge chini ya mti, aingie katika jengo imara, akae humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi katika wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Somo hili si la mapambo.

4. Tahadhari

Kuheshimu simulizi si kukubali kila litendwalo kwa jina lake. Radi inapoua mtu, pengine jirani hutuhumiwa kwamba ameituma. Hapo mwalimu aseme waziwazi kwamba radi haitumwi na mtu. Lakini atasadikiwa zaidi akiwa ni yule yule aliyewasikiliza wazee kwanza. Mtoto aliyenyamazishwa darasani hupeleka swali lake kwingine, na hatujui atajibiwa nini huko.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Andika andalio la somo la hatua ya tatu, ukitumia simulizi moja ya radi uliyoisikia kwenu.
2. Eleza kwa mifano tofauti kati ya kufanana kwa undugu na kufanana kwa safari.
3. Mtoto akikuambia, "Bibi yangu husimulia habari za radi," utamjibu nini? Andika maneno yenyewe.