Hisabati ya Tangi la Udhu na Barafu ya Kilimanjaro

Wengi wetu tukiona y = mx + c tunadhani ni jambo la mtihani tu. Hebu tuanze na kitu tunachokijua sote: tangi la maji ya udhu.

Tuseme tangi lina lita 200, na bomba linaingiza lita 20 kila dakika. Baada ya dakika x, maji yatakuwa y = 20x + 200. Ile 200 ndiyo c, yaani maji tuliyoyakuta. Ile 20 ni m, mteremko wa mstari: kila dakika ikipita, lita 20 zinaongezeka. Tangi likiwa la lita 1,000 litajaa dakika ya 40. Dakika ya 41 mlinganyo unasema lita 1,020, lakini hizo 20 zinamwagika uani! Anayetazama daftari bila kutazama tangi tutamkata maksi.

Sasa tutazame mlimani. Asubuhi isiyo na mawingu, hapa Mabogini tunaiona barafu ya Kibo. Wataalamu wamepima barafu ya Kilimanjaro: mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba 12.1, na mwaka 2000 zilibaki 2.6. Imepungua 9.5 kwa miaka 88, yaani karibu 0.108 kila mwaka. Kwa kuwa inapungua, mteremko ni hasi: y = 12.1 − 0.108x, ambapo x ni miaka tangu 1912.

Itakwisha lini? Tukiweka y = 0 tunapata x = 112, yaani mwaka 2024. Naye Profesa Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake waliandika mwaka 2002 kwamba, hali ikiendelea vile, ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka yote hiyo imepita na barafu bado ipo, ingawa ni kidogo sana.

Kosa letu liko wapi? Kugawanya tumegawanya sawasawa. Ila tulichukua nukta mbili tu, tukadhani mwendo ulikuwa mmoja miaka yote. Mwaka 1953 zilikuwa 6.7, na 1989 zilikuwa 3.3. Basi kati ya 1912 na 1953 zilipotea 0.13 kwa mwaka, lakini kati ya 1989 na 2000 ni 0.064 tu. Tukitumia mteremko huu wa karibuni, mwaka 2011 zingebaki 1.9. Ule mstari mrefu unasema 1.4. Vipimo vya 2011 vilionyesha 1.76. Jioneeni wenyewe upi ulikaribia.

Wazazi huuliza: barafu ikiisha, mpunga wetu je? Majaruba yetu yanalishwa na mito ya Njoro na Rau, na maji yake hutokana zaidi na mvua za msituni kuliko barafu. Kwa hiyo mwenye kuhofia mpunga apime mto.

Zoezi: mfereji ukishafungwa, pima kwa rula kina cha maji katika jaruba la nyumbani kila asubuhi kwa siku tano. Chora grafu. Je, nukta zimekaa kwenye mstari mmoja? Andika siku ambayo maji yatakauka, kisha siku hiyo nenda ukaangalie.