Raia 12 waliokataa kuitumikia dhulma

MWANAFUNZI wangu mmoja aliniuliza darasani: "Ustadhi, mtu akipewa kazi ya kuhukumu, na sheria aliyokabidhiwa ni ya dhulma, afanye nini?" Nilimjibu kwa kisa kilichotokea London mwaka 1670. Leo nakileta kwako ndugu msomaji, kwani kina mazingatio.

Zama hizo Uingereza ilikuwa na sheria iliyokataza watu kukusanyika kwa ibada nje ya kanisa la dola. William Penn na William Mead, wafuasi wa madhehebu ya Quaker, walikuta nyumba yao ya ibada imefungwa na askari. Penn akahubiri barabarani. Wote wawili wakakamatwa, wakashitakiwa kwa kukusanya watu kinyume cha sheria.

Kesi ilisikilizwa mbele ya juri, yaani raia 12 wa kawaida ambao ndio wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia au hana. Hawa si kama wazee wa baraza tuliowazoea Tanzania katika Mahakama Kuu, ambao walitoa maoni na Jaji hakulazimika kuyafuata.

Juri ile ilikiri tu kwamba Penn alizungumza barabarani. Majaji wakakasirika. Wakawafungia wale raia usiku bila chakula, maji wala moto, ili wabadili kauli. Hawakubadili. Mwisho wakatamka kuwa washitakiwa hawana hatia. Wakatozwa faini na kupelekwa jela mpaka walipe. Edward Bushell na wenzake watatu wakagoma kulipa, shauri lao likafika mahakama nyingine, na Jaji John Vaughan akaamua kuwa juri haiadhibiwi kwa uamuzi wake.

Msingi huo ulivuka bahari. Mwaka 1850 Marekani ilipitisha sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, na aliyewasaidia alikabiliwa na faini na kifungo. Mwaka 1851 mjini Boston, mtumwa aliyetoroka, Shadrach Minkins, aliokolewa kutoka mikononi mwa mahakama. Walioshitakiwa kwa kumwokoa hawakutiwa hatiani.

Je, hii ni haki ya juri au ni uwezo tu? Mwaka 1895 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wajibu wa juri ni kuipokea sheria kama jaji anavyoieleza. Hata hivyo, juri ikishamwachia mtu, haiulizwi sababu, wala mtu yule hashitakiwi tena kwa kosa lile.

Hapa ndipo penye hatari. Mwaka 1955 huko Mississippi aliuawa Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14. Juri ya wanaume 12, wote wazungu, iliwaachia washitakiwa wawili baada ya takriban saa moja. Mwaka uliofuata wawili hao walikiri gazetini kuwa ndio waliomuua. Uwezo uliomwokoa Penn ndio uliowakinga wauaji.

Tofauti ni nini? Ni uadilifu. Qur'an katika Surat An-Nisaa aya ya 135 inatuamrisha kuisimamia haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Na Surat Al-Maida aya ya 8 inakataza chuki yetu kwa watu isitutoe kwenye uadilifu. Bushell alikataa amri ya wakubwa akalipia kwa njaa na jela. Wale wa Mississippi waliwalinda watu wao, na hawakupoteza chochote.

Sisi hatukai kwenye juri. Lakini nani kati yetu hajawahi kuitwa kutoa ushahidi, kusuluhisha ugomvi wa mirathi, au kuamua jambo katika kamati ya msikiti? Siku hiyo, kabla hujasema "mimi natekeleza tu niliyoambiwa", au "huyu ni ndugu yangu", jiulize: nikisimama mbele ya Allah (SW) nitajibu nini?

Wallahu a'lam.