Matairi Makubwa kwenye Pikapu ya Zamani: Maswali Yanayonitia Hofu

Safari hii nimechagua barua zinazonitia wasiwasi, na chache zinazoniudhi. Namna ya kubadilisha tairi au kusoma 225/70R15 sitaieleza. Muulize kijana yeyote anayeziba pancha Nyabugogo. Hapa tunazungumzia Hilux na pikapu nyingine za 4x4 za miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000, zenye dizeli isiyo na tabo: 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8, 5L ya lita 3.0.

SWALI: Fundi, Hilux yangu ya 3L inachoka sana kupanda Shyorongi ikiwa na mzigo. Nimeambiwa nikifunga matairi makubwa itapata nguvu ya mlima. Ni kweli? (Msomaji wa Kimisagara, na wengine wengi walioandika hivyo hivyo)

JIBU: Si kweli. Ni kinyume chake kabisa, na kwa kuwa uvumi huu hauishi Gatsata wala Gikondo, leo nitauchambua hadi mwisho.

Injini kazi yake ni kuzungusha ekseli. Nguvu inayofika kwenye ekseli haibadiliki kwa sababu umebadilisha tairi. Kinachobadilika ni umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi chini. Umbali huo ukirefuka, msukumo unaofika barabarani unapungua. Tairi la 225/70R15 lina kipenyo cha milimita 696. La 265/70R16, ambalo ndilo vijana wanalolipenda, lina 777. Hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 12, na msukumo barabarani unashuka kwa sehemu moja ya kumi. Ni sawa na kung'oa difu ya 4.1 ukaweka ya 3.7. Gea ya pili uliyokuwa ukipandia haitoshi tena. Unarudi ya kwanza, na klachi inanuka kabla hujafika juu. Kisha kuna uzito. Tairi kubwa na rimu yake ni zito, na uzito wenyewe uko ukingoni mwa gurudumu, mahali ambapo ni shida kuuanzisha na shida kuusimamisha.

Ongeza Kigali yenyewe. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo haina namna ya kuifidia hewa hiyo, kwa hiyo nguvu zake zimeshapungua kabla hujagusa tairi. Ndugu yako wa Mombasa anaposema matairi makubwa hayamsumbui, hasemi uongo. Yuko usawa wa bahari na njia zake ni tambarare.

Kwa nini basi watu wanaapa kwamba gari limepata nguvu? Kwa sababu walikuwa na vipara. Mtu aliyezoea kuteleza kwenye tope akifunga tairi jipya lenye kashata ndefu, gari linapanda bila kuteleza, naye anadhani amepata nguvu, kumbe amepata mshiko. Mshiko huo angeupata kwa tairi jipya la saizi yake mwenyewe, kwa pesa pungufu.

Na bado sijafika kwenye linalonikosesha usingizi. Kupanda kukishindikana, utaegesha pembeni upumzishe injini. Kushuka ndiko kunakoua. Pikapu ya tani mbili na nusu ikishuka mteremko wa asilimia 8 kwa kilomita 60 kwa saa inazalisha kama kilowati 32, na nguvu hizo lazima ziende mahali. Kiasi kinamezwa na upepo na matairi. Kilichobaki kinagawanywa kati ya injini na breki. Tairi kubwa linapunguza uwezo wa injini kulizuia gari, basi sehemu yake inahamia kwenye breki. Na breki hizo ni zile zile, pedi zile zile mbele na shuu zile zile nyuma, ila sasa zinashindana na gurudumu refu: ukikanyaga kama ulivyozoea, gari linazuiwa kwa nguvu pungufu kwa sehemu moja ya kumi. Teremka Buranga kutoka Musanze na mzigo katika hali hiyo, mvua ikinyesha, lori likiwa mbele yako. Mimi sitamfungia mtu matairi hayo halafu nimtakie safari njema.

Ukitaka nguvu, anza na filta ya hewa, nozeli na taimingi ya pampu. Pikapu nyingi zinazolaumiwa kwa uvivu zina filta ambayo haijaguswa tangu inunuliwe. Na kama ni lazima uongeze tairi, usizidi asilimia 5 au hapo karibu: kutoka 225/70R15 hadi 235/75R15 unapata kipenyo cha milimita 38 zaidi, yaani kimo cha milimita 19 chini ya difu. Ukizidi hapo, badilisha gia za difu, mbele na nyuma kwa uwiano mmoja, na breki zifanyiwe kazi kwanza.

SWALI: Nasafirisha viazi kutoka Musanze kuja Nyabugogo. Muuzaji anasema tairi la 31x10.50R15 linabeba zaidi kwa kuwa ni kubwa na pana. Nimwamini? (Mama mfanyabiashara)

JIBU: Usimwamini, Mama. Mwambie akusomee namba ya mzigo iliyoandikwa ubavuni, karibu na herufi ya kasi. Tairi la 225/70R15C la pikapu huandikwa 112, maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja likiwa peke yake. Matairi mengi ya 31x10.50R15 yanayouzwa yameandikwa 109, yaani kilo 1,030. Kwa matairi mawili ya nyuma umepoteza kilo 180, karibu gunia mbili za viazi, na umelipa zaidi ili uzipoteze.

Upepo nao ni tofauti. Lile la C limejengwa kuhimili hadi bar 4.5. Hili pana, lenye daraja la C la Kimarekani, linaishia bar 3.5. Herufi ni moja, maana ni mbili, na hapo ndipo wauzaji wanapojificha. Kijana wa pampu akijaza kwa mazoea ya zamani atalipita kiwango. Akijaza pungufu na mzigo ukawa ule ule, ubavu utapinda, utachemka na kupasuka. Wewe baki na tairi lako la C, lipate upepo wa kutosha, na lipimwe asubuhi likiwa baridi. Kila wiki.

SWALI: Pesa hazikutosha, nimefunga makubwa mawili nyuma tu. Mbele nitafunga mwakani. Kuna shida? (Barua za Nyamirambo, Kabuga, Rwamagana na Huye, nimeziunganisha)

JIBU: Kuna shida kubwa, na sijui ni fundi gani anayekubali kazi hii na kupokea pesa. Hilux hizi hazina difu ya katikati. Ukiingiza 4x4, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja zizunguke sawasawa. Magurudumu ya nyuma yakiwa makubwa yanataka kwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, ya mbele hayawezi, na kitu lazima kiachie. Kwenye tope litaachia tairi, litateleza, na huenda usigundue. Kwenye ardhi kavu au lami hakuna kinachoteleza, basi zinasagika gia za giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma. Wamiliki huja wakilalamika kwamba 4x4 imekwama haitoki. Haikukwama, imebanwa.

Hata matairi ya saizi moja, mawili mapya na mawili yaliyokwisha, yanaleta ubishi huo kwa kiwango kidogo. Nunua manne kwa pamoja, na la tano la spea liwe la kimo hicho hicho. Kama pesa hazipo, rudisha madogo leo. Mwakani ni mbali.

SWALI: Spesa za kusogeza rimu nje ili tairi lisiguse chesisi, unazionaje?

JIBU: Sizifungi, kwa sababu zinaua beringi na kuzipa stadi mzigo ambao hazikutengenezwa kuubeba.

SWALI: Tangu nibadilishe matairi napigwa picha na Sofia mara kwa mara, na mimi naendesha 60 tu. Kamera zimeharibika?

JIBU: Kamera ni nzima. Mita yako ya spidi inahesabu mizunguko ya giaboksi. Kimo cha tairi haikijui. Kwa lile ongezeko la asilimia 12 nililotaja juu, mita ikisoma 60 wewe uko 67, na hata kilomita inazohesabu ni pungufu, kwa hiyo oili unachelewa kuimwaga. Tumia GPS ya simu upime tofauti mara moja, uikariri. Au rudisha saizi yako.

SWALI: Tairi linagusa madigadi nikikata kona. Fundi amekata bati kidogo na kukaza toshenibaa gari likainuka mbele. Sasa kuna mlio. (Kicukiro)

JIBU: Mlio huo unatoka kwenye sivijointi. Hilux za 4x4 za zamani zaidi zina ekseli nzima mbele, juu ya springi za bapa. Za kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 zina toshenibaa. Ukikaza toshenibaa gari linainuka kweli, lakini shafti zinakaa kwa pembe kali, mpira wake unachanika, vumbi letu jekundu linaingia, na boljointi zinafanya kazi zikiwa mwisho wa safari yake. Aliyekuinulia gari bila kukupeleka alaimenti amekuuzia nusu ya kazi. Na difu haikuinuka hata milimita moja nyuma: kilichopanda ni bodi. Ilegeze toshenibaa irudi ilipokuwa, na hilo bati usikubali likatwe zaidi.

SWALI: Jambo fundi. Huku Goma mawe ya volkano yanachana matairi ubavuni. Nifunge mapana zaidi?

JIBU: Hapana, ndugu. Ukifunga mapana unatandaza mpira mwingi zaidi juu ya yale mawe yenye makali. Tazama Land Cruiser za mashirika zinazopita hapo kwenu: nyingi zina 7.50R16, tairi refu na jembamba lenye ubavu mgumu. Halijachaguliwa kwa bahati. Kwa pikapu yako tafuta jembamba la saizi ya kiwanda, la LT au C, lenye nyuzi nyingi ubavuni. Kwenye tope la kina unaweza kupunguza upepo ili tairi likanyage eneo refu zaidi, lakini juu ya mawe usithubutu, na ukifika lami jaza kabla hujaongeza mwendo.

SWALI: Naweza kuazima matairi ya kawaida nipite nayo kontroli tekiniki pale Remera, kisha nirudishe makubwa?

JIBU: Usifanye hivyo. Breki zitakazopimwa hazitakuwa zile utakazoshuka nazo na watoto wako ndani.

SWALI: Nimepata matairi makubwa ya mtumba, kashata nzuri, bei nusu. Nichukue?

JIBU: Siku hizi karibu kila tairi tunalofunga limetoka mbali. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama, na 2016 Sameer Africa ikafunga kile cha Nairobi. Ndiyo maana mzigo wa mtumba umejaa, na ndiyo maana lazima usome mwenyewe. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Likipita miaka kumi, achana nalo hata kama linang'aa. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na tairi hulegea ndani kabla halijaonyesha nje.

Halafu pitisha kidole kwenye kashata. Kuna watu wanachukua kipara na kulichonga upya kwa kisu cha moto. Hiyo kazi inaruhusiwa kwa matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE, yaliyoachiwa mpira wa ziada kwa ajili hiyo. Kwenye tairi la pikapu kisu kinakula safu nyembamba iliyobaki juu ya nyaya, na kuna siku zitatokeza. Huyo si fundi, na hana haki ya kujiita fundi.

Kabla ya kutoa pesa, lilaze tairi juani na umwambie muuzaji akuonyeshe mambo matatu: saizi, namba ya mzigo na tarehe. Akisema hayo hayana maana, rudisha pesa zako mfukoni uondoke.