Protini katika saratani ya umio: ipi ni alama, ipi ni shabaha ya dawa?

Mgonjwa ambaye ugali umeanza kumkwama kifuani huuliza kama hakuna kipimo cha damu kitakachomwepusha na mpira wenye kamera. Swali lake ni la haki, na watafiti wanalishughulikia. Hata hivyo, hadi sasa hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuchukua nafasi ya endoskopia na kipande cha nyama kinachochunguzwa kwa hadubini.

Utafutaji huanza kwa kulinganisha. Huchukuliwa kipande cha uvimbe na kingine cha umio usio na ugonjwa wa mtu yuleyule. Protini zake hutenganishwa, hupimwa kwa mashine, kisha orodha mbili huwekwa sambamba. Protini zilizozidi au kupungua huweza kufika mamia. Lakini orodha hiyo hueleza tu kilichobadilika. Ili protini iwe alama ya utambuzi, yapasa ijitokeze mapema na isipande ovyo kwa wasio na saratani. CEA, kwa mfano, huweza kupanda kwa mvutaji sigara asiye na saratani, na ikabaki ya kawaida kwa mwenye uvimbe. Shabaha ya dawa ina sharti jingine: seli ya saratani iwe inaitegemea ili iishi.

Protini p53 huonesha vema tofauti hiyo. Imeharibika katika uvimbe mwingi wa seli bapa, aina inayoongoza Afrika Mashariki, lakini ni breki iliyovunjika, na kuirudishia kazi breki iliyovunjika ni vigumu kuliko kuzima injini.

EGFR ilionekana kuwa injini hiyo. Huzidi katika uvimbe mwingi wa umio, na dawa ya kuizuia, gefitinib, ilikuwapo tayari. Huko Uingereza ilijaribiwa kwa wagonjwa 450 ambao tiba ya kemikali ilikuwa imeshindwa kuwasaidia; matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionesha kuwa haikurefusha maisha yao kwa ujumla. Uchambuzi wa baadaye ulidokeza kwamba wachache wenye nakala za ziada za kinasaba cha EGFR walinufaika. Kwa maoni yangu, hilo ndilo somo kubwa: wingi wa protini haukutosha kumchagua mgonjwa.

PD-L1 imefanikiwa zaidi. Kwa protini hii uvimbe huzituliza seli za kinga zisiushambulie. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, wagonjwa wenye saratani ya seli bapa na PD-L1 nyingi waliopewa pembrolizumab pamoja na tiba ya kemikali waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 13.9, dhidi ya 8.8 kwa tiba ya kemikali pekee. Si uponyaji, na bei yake bado ni mlima kwa familia nyingi.

Kwa mhudumu wa afya, mambo haya hurudi kwenye kichupa cha sampuli. Chukua vipande kadhaa, kwani kimoja huweza kuwa nyama iliyokufa tupu. Vitie mara moja katika formalini ya asilimia 10, wala si maji ya chumvi. Kipande kilichooza hakipimiki PD-L1, na mgonjwa aliyekwisha kudhoofika atalazimika kumeza mpira ule mara ya pili.