SOMO: SKOLE, SHULE, NA NAFASI YA MTOTO

Katika barua za marafiki zetu wa Denmark neno skole halikosekani. Kwenye semina ya kamati za sharika hapa Kivukoni, mzee mmoja aliuliza: hawa ndugu wamechukua neno letu? Tulicheka, lakini mzee hakuwa mbali na ukweli.

Shule yetu ni Schule ya Wajerumani, neno lililobaki tangu utawala wao, kama lilivyobaki neno hela na kanisa la Azania Front, lililojengwa kati ya 1898 na 1902. Zanzibar husema skuli, kutoka Kiingereza. Yote ni ndugu wa skole. Hata hivyo, watu wa kaskazini ya Ulaya hawakulizaa neno hili. Walilipokea kutoka Kilatini, schola, na Walatini walilitoa kwa Wagiriki.

Kwa Wagiriki, skhole mwanzoni haikuwa jengo wala mwalimu. Ilikuwa nafasi, yaani muda ambao mtu amepumzika kazi. Baadaye ikawa mazungumzo ya kujifunza katika muda huo, kisha mahali penyewe. Ndilo neno lililomo katika Kigiriki cha Matendo 19:9, Paulo alipofundisha kwa Tirano. Biblia yetu inasema darasa. Nao Wadenmark, walipoanzisha vyuo vya wananchi kuanzia 1844 kwa mawazo ya mchungaji Grundtvig, vijana wa wakulima walisoma zaidi majira ya baridi, kazi za shamba zinapopungua.

Hapo ndipo somo lilipotugusa. Ada ilifutwa shule za msingi mwaka 2002, na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Sisi katika mradi tumehesabu sare, madaftari na madawati, na taarifa kwa wafadhili zimependeza. Hatukuuliza mtoto ameamka saa ngapi. Wapo tunaowalipia sare ambao huanza siku sokoni wakiparua samaki au kubeba mizigo, kisha husinzia darasani. Sare wanayo, nafasi hawana.

Kuanzia robo ijayo, fomu ya mwanafunzi itakuwa na swali jipya: mtoto hufanya kazi saa ngapi kabla na baada ya masomo? Tunaziomba kamati zilijaze nyumbani kwa mtoto, mzazi au mlezi akiwepo, si ofisini kwa usharika.