Picha za Simu na Zana za Bure za Mtandaoni: Namna ya Kutunza Nakala Halisi

Tembo wanapoingia usiku katika shamba la mahindi, kazi ya kwanza ya mwenye shamba asubuhi ni kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, na siku hizi kazi ya pili ni kupiga picha. Picha hizo huanza safari papo hapo. Mwenye shamba humtumia mwanawe aliye mjini. Mwana huzipeleka katika kundi la ukoo. Mmoja wa ndugu huzirudisha katika kundi la kijiji. Baada ya wiki mbili, picha zinapohitajika kuambatana na maombi ya kifuta jasho, mwenye shamba amekwisha kuzifuta simuni ili apate nafasi. Kilichobaki ni nakala ya nakala: mabua yaliyolala chini, bila tarehe, bila mahali, na bila jambo lolote la kuonyesha kwamba shamba hilo ni lake na si la mtu wa wilaya nyingine.

Zana za kutafuta, kuhariri na kutuma picha zinapatikana mtandaoni bila malipo, na kwa mahitaji mengi ya mkazi wa kata zinatosha. Neno “bila malipo”, hata hivyo, halihusishi bando, wala halielezi kile ambacho kila zana huifanyia picha inayopita ndani yake. Hapo ndipo hasara nyingi zinapotokea.

Taarifa zilizofichwa ndani ya picha

Simu janja inapopiga picha, huandika ndani ya faili taarifa ambazo jicho halizioni: tarehe, saa, aina ya simu na, iwapo mwenye simu ameruhusu, mahali kamera iliposimama. Kipokezi cha GPS hupata mahali hapo kutoka kwenye satelaiti, kwa hiyo hufanya kazi hata pale ambapo hakuna mtandao wala bando, ingawa huenda kikahitaji dakika chache chini ya anga wazi. Taarifa hizo husomeka kwa kufungua sehemu ya maelezo ya picha katika programu ya picha iliyomo simuni. Simu ambayo saa yake haikurekebishwa baada ya betri kuisha kabisa huandika tarehe isiyo sahihi, na kosa hilo ni gumu kulirekebisha baadaye. Ni vema saa iwekwe ijirekebishe yenyewe kwa kufuata mtandao.

Picha inapotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, mambo mawili hutokea. Kwanza, hupunguzwa ukubwa. Picha ya megabaiti nne huweza kufika ikiwa na kilobaiti mia chache tu. Pili, taarifa zile zilizofichwa huondolewa. Kwa salamu za harusi upungufu huo hauna madhara, na huokoa bando. Kwa picha ya shamba lililoharibiwa, daraja lililosombwa au jiwe la mpaka lililong’olewa, kilichoondolewa ndicho kilichokuwa na thamani. Njia ya kuepuka hasara hiyo ni kuituma picha kama hati: badala ya kuchagua alama ya picha, mtumaji huchagua alama ya hati kisha huitafuta picha ileile. Faili hufika kama ilivyopigwa, pamoja na tarehe na mahali pake. Barua pepe pia hupeleka faili iliyoambatishwa bila kuibadilisha, mradi simu isiombwe kuipunguza.

Upigaji wenyewe nao una utaratibu wake. Picha moja ipigwe kwa mbali, ikionyesha kitu kisichohama kama vile mbuyu, nguzo ya umeme au paa la shule. Nyingine ionyeshe upana wa uharibifu. Ya tatu ipigwe kwa karibu, kando ya kwato, unyayo au ufa, pakiwa pamewekwa kitu ambacho ukubwa wake unajulikana. Mpini wa jembe unafaa, na kandambili inafaa vilevile. Picha za namna hii hazihaririwi hata kidogo, hata kama zimepigwa alfajiri na zina giza. Wala hazichukui nafasi ya ukaguzi wa afisa anayefika shambani. Kazi yake ni kuonyesha hali ilivyokuwa kabla ya mvua, ng’ombe au jembe la jirani kupita juu yake.

Taarifa zinazomlinda mkulima ndizo zinazoweza kumweka mtoto hatarini. Picha ya mtoto iliyopigwa mlangoni, ikitumwa kama hati kwa mtu asiyejulikana, humwonyesha mtu huyo nyumba ilipo kwa tofauti ya mita chache. Kwa hiyo uamuzi hauwezi kuwa mmoja kwa picha zote. Kwa afisa anayeshughulikia madai, itumwe hati kamili. Kwa makundi makubwa na mitandao ya kijamii, itumwe picha ya kawaida iliyopunguzwa. Asiyependa kukumbuka tofauti hiyo kila siku anaweza kuzima uandikaji wa mahali katika mipangilio ya kamera, kisha auwashe siku ya haja.

Kuhariri

Kwa biashara na kumbukumbu za familia, kuhariri kuna nafasi yake. Kikundi cha ufugaji nyuki kinachouza asali kwa simu hakihitaji mpiga picha wa kulipwa. Kinahitaji chupa safi, kitambaa cheupe na mwanga wa dirishani asubuhi, kisha programu kama Snapseed ya kampuni ya Google, ambayo haina malipo wala matangazo na hufanya kazi ndani ya simu bila kutumia bando baada ya kupakuliwa. Mambo manne yanatosha: kukata pembeni, kunyoosha picha iliyoinama, kuongeza mwanga, na kurekebisha rangi ili kitambaa cheupe kionekane cheupe. Jambo la tano, yaani kuongeza rangi hadi asali ing’ae kama dhahabu, humleta mnunuzi mara moja tu.

Mwenye kompyuta anaweza kufungua Photopea ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Picha huhaririwa katika kompyuta yake yenyewe bila kupakiwa mahali pengine, na gharama yake ni kuvumilia matangazo. GIMP, iliyotolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 1996, husakinishwa katika kompyuta na ni programu huria. Ina uwezo mkubwa, na anayeanza hana budi kuivumilia kwa majuma kadhaa.

Picha za simu kwa kawaida huhifadhiwa kwa mfumo wa JPEG, ambao hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ndogo ya taarifa. Kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, hutupa tena. Baada ya kupitia mikono mingi, maandishi huwa na ukungu na nyuso huwa na madoa. Kwa sababu hiyo mhariri makini hufanyia kazi nakala na kuiacha picha halisi kama ilivyo.

Tahadhari moja inahusu vitambulisho. Wapo wanaotuma picha ya kitambulisho cha Taifa baada ya kupaka namba kwa kalamu ya rangi iliyomo katika programu ya simu. Baadhi ya kalamu hizo hupitisha mwanga kidogo. Anayeipokea akiongeza mwangaza wa picha, namba husomeka. Sehemu ya kufichwa ifunikwe kwa umbo lenye rangi nzito isiyopenyeza, au ikatwe kabisa.

Kutafuta

Picha iliyoonekana katika matokeo ya Google ina mwenyewe. Injini ya kutafuta huonyesha mahali ilipo, jinsi mtu anavyoelekezwa kwenye nyumba, na kuonyeshwa mlango si kupewa ufunguo. Nchini Tanzania kazi za upigaji picha zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kikundi kinachochukua picha ya asali ya watu wengine na kuiweka katika tangazo lake hukosea mara mbili: kwa mpiga picha, na kwa mnunuzi anayedhani anaiona bidhaa atakayoletewa.

Zipo hazina ambazo wenye picha wenyewe wametoa ruhusa. Wikimedia Commons, iliyoanzishwa mwaka 2004, ina faili zaidi ya milioni 100. Openverse hutafuta katika hazina nyingi kwa wakati mmoja. Picha nyingi za humo zina leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, na masharti yake hutambulishwa kwa herufi: BY humtaka mtumiaji ataje jina la mpiga picha, SA humtaka aitoe kazi yake kwa leseni ileile, NC huzuia matumizi ya biashara, ND huzuia kuibadilisha. CC0 haina sharti. Mwenye duka asichukue picha yenye NC, na anayetaka kukata au kuandika juu ya picha asichukue yenye ND. Tovuti za Unsplash, Pexels na Pixabay zina leseni zake zenyewe, ambazo kwa ujumla huruhusu hata matumizi ya biashara bila kutaja jina, ingawa kulitaja ni uungwana.

Maelezo mengi katika hazina hizo yameandikwa kwa Kiingereza, na neno la Kiswahili mara nyingi huleta matokeo machache. Kwa mimea, wadudu na wanyama, jina la kisayansi hufanya kazi katika lugha zote. Mkulima anayeshuku kwamba mahindi yake yameingiliwa na viwavijeshi vamizi akiandika Spodoptera frugiperda atapata picha za kulinganisha: kiwavi huyo ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Picha aliyoipiga mwenyewe, ikionyesha alama hizo kwa karibu, itamsaidia afisa ugani kutoa ushauri kabla hajafika shambani.

Kutafuta kuna upande wa pili, nao ni kutafuta asili ya picha iliyokwisha kumfikia mtu. Google Lens na TinEye hupokea picha na kuonyesha mahali pengine ilipowahi kutokea. Mfano unaojulikana ni papa anayeogelea katika barabara iliyofurika. Picha hiyo ilienezwa mwaka 2011 ikidaiwa kuwa ya Puerto Rico, ikaibuka tena mwaka 2017 ikidaiwa kuwa ya Houston, Marekani, wakati wa kimbunga Harvey. Papa mwenyewe alikuwa amekatwa kutoka katika picha ya Thomas Peschak iliyopigwa baharini Afrika Kusini, ambako samaki huyo alikuwa akifuata mtumbwi. Watu walikuwa katika mafuriko ya kweli, nao walipewa hofu ya uongo juu ya hofu waliyokuwa nayo. Anayepokea picha ya daraja lililokatika katika kata jirani anaweza kuipima kwa dakika moja kabla ya kuisambaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa pia anayesambaza habari za uongo.

Kushirikishana na kuhifadhi

Albamu ya mtandaoni, kama zile za Google Photos, huwawezesha wanakikundi kuweka picha pamoja bila kujaza simu za kila mmoja. Albamu inayofunguliwa kwa kiungo hufunguliwa na yeyote mwenye kiungo hicho, hata kama hakualikwa. Picha za wanafunzi, wagonjwa au wanufaika wa msaada hazistahili kuwekwa humo bila ridhaa yao au ya wazazi. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Hifadhi za bure nazo hubadilika. Google Photos ilipokea picha zilizopunguzwa bila kikomo hadi tarehe 1 Juni 2021; tangu hapo kila akaunti ina gigabaiti 15, ambazo hugawanywa pia na barua pepe na hati nyingine. Kwa picha za megabaiti nne, nafasi hiyo hutosha picha zipatazo 3,700 ikiwa hakuna kitu kingine. Flickr iliwahi kumpa kila mtumiaji terabaiti nzima bila malipo. Tangu mwaka 2019 akaunti ya bure ina kikomo cha picha 1,000. Picasa ilifungwa kabisa mwaka 2016. Hakuna sababu ya kuzikimbia huduma hizi, ila picha isiyo na nakala mahali pengine imewekwa rehani kwa uamuzi wa kampuni. Kadi ya kumbukumbu iliyohifadhiwa kabatini, au kompyuta ya ndugu, ni mahali pa pili panapotosha. Wenye bando dogo waiweke programu ipakie picha kwa Wi-Fi tu.

Akaunti ya Google isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Familia ambayo picha za wazee wake zimo katika akaunti ya mtu mmoja aliyepoteza simu, akasahau nenosiri au akafariki, huweza kuzipoteza bila kujua siku wala saa. Katika mipangilio ya akaunti hiyo ipo sehemu ya kumteua mtu wa kupokea vilivyomo iwapo mwenyewe atakaa kimya kwa miezi iliyochaguliwa. Kinachohitajika ni anwani ya barua pepe ya mtu anayeaminika, na kazi yenyewe haizidi dakika tano.