Nyumbani Kumebaki Nini? Mjane wa Elisha na Daftari Langu la Madeni



Leo tufungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, aya ya 1 hadi ya 7. Ni aya saba tu, zisome kwanza mwenyewe halafu urudi hapa. Ni habari ya mjane ambaye mume wake alikuwa mtu mcha Mungu, mmoja wa wanafunzi wa manabii, akafa akaacha deni. Anayewadai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Mama yule anamlilia Elisha.

Nimesikia somo hili tangu mafundisho ya Kipaimara, na siku zote nilichokumbuka ni muujiza wa mafuta. Swali la nabii lilinipita. Kabla ya muujiza wowote anamuuliza mama: nyumbani kwako kumebaki nini? Nilikuja kulisikia swali hilo siku nilipokuwa na deni mimi mwenyewe.

Niwaambie ukweli. Mimi ni fundi pikipiki hapa Didia, pembeni ya barabara. Nina mke na mtoto mmoja. Si mnajua huku kwetu, kila mtu ana ndugu au rafiki aliye machimboni. Nami nikashawishika. Duara moja upande wa Kahama, nichangie chakula cha wachimbaji na mafuta ya jenereta, mawe yakitoka napata mgao wangu wa mifuko. Mawe yalitoka, dhahabu haikuwamo. Fedha nilizochangia nilizitoa kwenye kikundi chetu cha hisa, shilingi 100,000, na kwa rafiki yangu mmoja, 50,000. Mke wangu hakujua.

Ili kuziba pengo hilo nikakopa mjini shilingi 300,000, ile mikopo tunayoiita kausha damu. Wakakata 30,000 ya fomu palepale, nikaondoka na 270,000. Marejesho yalikuwa 32,500 kila wiki kwa wiki 12. Zidisha uone: 390,000. Yaani kwa miezi mitatu hivi nilinunua 270,000 kwa 390,000. Kwa kulinganisha, kikomo cha riba ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa laki tatu ni 10,500. Hesabu hiyo ni ya darasa la sita, lakini mtu mwenye aibu hapigi hesabu. Na unadhani zile hela ziliziba pengo? Zilikwenda kwenye kodi ya banda, vipuri, na duara lilelile mara ya pili. Jamani!

Wiki nzuri mimi napata kama 40,000, mke wangu kwa vitumbua anabakiza kama 15,000. Toa marejesho, kinabaki 22,500 cha kula, sabuni, dawa na kila kitu. Kwa hiyo tukaanza kukopa dukani kwa daftari. Nalipa deni kwa deni. Jumuiya nikaacha kwenda, maana kila nikifika naona kama macho yote yanauliza mchango. Asubuhi nikisikia pikipiki imesimama nje na mtu anasema "Mwangaluka", tumbo linanguruma.

Siku moja mwezi wa saba yule mtu wa marejesho akaja mimi nisipokuwepo. Akamwambia mke wangu kuwa wiki ijayo watachukua cherehani. Cherehani ni ya kwake, alipewa na mama yake. Hapo ndipo nilipoona watoto wa mjane wanachukuliwa, na aliyekopa nilikuwa mimi, si yeye.

Usiku ule nilimweleza yote. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Baada ya muda mrefu akasema, "Baba, leta daftari la mtoto." Tukaandika upande mmoja madeni: kausha damu wiki saba, 227,500, kikundi 100,000, duka 64,000, rafiki 50,000. Jumla 441,500. Mimi kichwani nilikuwa nahisi kama milioni. Upande wa pili tukaandika kilichomo ndani: mpunga gunia tatu, mbuzi wawili, cherehani, baiskeli, michembe debe moja, karanga, nsansa.

Sasa rudi kwenye somo. Mjane anamjibu Elisha kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta. Ni jibu letu sote: sina kitu, ila... Nabii anaanzia kwenye hiyo "ila". Kisha anamtuma akaazime vyombo vitupu kwa majirani, na viwe vingi. Fikiria, huwezi kuzunguka kijiji kizima ukiazima vyombo huku unajifanya mambo safi. Majirani lazima walijua kuna shida. Lakini alipoanza kumimina alifunga mlango. Kwa hiyo kuna watu wa kuambiwa, na kuna mambo ya kubaki ndani. Sisi tuliwaambia wanne: mwenye duka, mwenyekiti wa kikundi, mwenyekiti wa jumuiya na mama mkwe. Basi.

Halafu aya ya 7, tazama mpangilio wake. Auze mafuta, alipe deni, ndipo yeye na watoto waishi kwa kinachobaki. Tuliuza gunia moja na mbuzi mmoja, tukapata 165,000. Siku hiyohiyo nikalipa marejesho ya wiki tano kwa mpigo, 162,500. Hawakunipunguzia hata senti, lakini cherehani ikabaki. Wiki mbili baadaye tukawa tumemaliza.

Na hapa ndipo wengi tunapoteleza. Ile 32,500 ya kila wiki ikishakuwa huru, mkono unawasha. Mke wangu akaamua tuendelee kuitoa kana kwamba bado tunadaiwa. Wiki mbili zikamaliza duka, kisha kikundi kidogo kidogo. Tulikula michembe kwa karanga asubuhi, nsansa na mlenda jioni, bando nikaacha. Mafuta tulikuwa tunapima ya shilingi 500 kila siku, ambayo ni ghali kuliko lita, lakini hela ya lita hatukuwa nayo. Tulipoweza kununua lita ya kwanza, mke wangu alicheka kama tumenunua gari. Mtoto akaugua malaria mara moja, tukaruka wiki mbili.

Niseme na la sadaka, maana najua mtauliza. Wapo wanaohubiri kwamba ukidaiwa toa "mbegu" kubwa, Mungu atafuta deni. Mimi sikubali. Katekisimu namba 2411 inahesabu kulipa madeni kuwa sehemu ya haki yenyewe. Hela ya mtu si yangu hata nikiipeleka altareni. Nilimwambia mwenyekiti wa jumuiya, mzee wangu, mwaka huu nina 2,000 kwa mwezi. Akaandika 2,000, tukasali Rozari. Miezi yote ile nilikuwa namkimbia mtu aliyekuwa na kalamu tu.

Kuhusu mikopo ya halmashauri ya vijana, ile asilimia 4 isiyo na riba: ni mizuri, ila ni ya kikundi na ni ya kazi. Msiichukue kuziba madeni ya zamani.

Limebaki deni moja, la rafiki. Mtaona nimemweka mwisho. Nimejitetea kuwa deni lake halina riba, na ni kweli, lakini Yoshua bin Sira sura ya 29 imenikamata: inawasema watu wanaonyenyekea wakati wa kukopa na kumchosha aliyewasaidia wakati wa kulipa. Aliyetishia tulimlipa kwanza, aliyetuhurumia akasubiri. Mbaya zaidi, miezi minne nilikuwa nakatiza njia nisionane naye. Mwezi uliopita nilimfuata nyumbani, nikampa 10,000 na kumweleza zilizobaki nitazitoa lini. Alinikaribisha ugali. Jumamosi hii tukitoka jumuiya nampelekea 20,000 nyingine, na 20,000 ya mwisho mwezi ujao tukivuna dengu.